Nimemeza au bado? Dawa, saa na usahaulifu wakati wa matibabu ya saratani

Mgonjwa amesimama mezani, paketi mkononi, anajiuliza: nimemeza au bado? Swali hilo lina hatari kuliko dozi iliyorukwa. Dozi moja ya tamoksifeni, kidonge cha homoni cha saratani ya matiti, ikipotea leo, mwili hauoni tofauti kubwa, kwa sababu dawa hiyo hukaa mwilini kwa siku nyingi. Lakini kapesitabini, kidonge cha kemo (dawa inayoua seli za saratani), ikimezwa mara mbili jioni ileile kwa siku kadhaa, au methotreksati ya mara moja kwa wiki ikamezwa kila siku, matokeo yake ni vidonda mdomoni, kuhara kusikokoma na chembe za damu kushuka hadi mtu kulazwa.

Kwa hiyo sina mbinu za kunoa kumbukumbu. Ninachopendekeza ni kuutoa mzigo wa kukumbuka kichwani mwa mgonjwa na kuuweka kwenye vitu vinavyoonekana: karatasi, kisanduku, na mtu mmoja anayejulikana kuwa ndiye mwenye dawa.

Usahaulifu wenyewe ni wa kweli, si uvivu wala uzee. Kemo peke yake huleta ukungu kichwani: maneno yanapotea katikati ya sentensi, chungu kinaungua jikoni, jina la jirani halipatikani. Juu ya hapo ongeza upungufu wa damu, usingizi mbovu unaoletwa na deksa (deksamethasoni, dawa ya steroidi), mofini ya maumivu, baadhi ya dawa za kuzuia kutapika zinazosinziza, hofu, na kwa wanawake walio kwenye dawa za homoni, joto la ghafla linalowaamsha usiku. Mara nyingi hali hupungua miezi kadhaa baada ya matibabu, ingawa kwa wengine hubaki muda mrefu zaidi. Mwambie daktari, kwa kuwa baadhi ya sababu hizo zinatibika. Damu inaweza kuongezwa, na deksa ikihamishiwa asubuhi usingizi unaweza kurudi.

Kuchanganyikiwa kwa ghafla ni jambo jingine kabisa. Mtu aliyekuwa anaongea vizuri jana, leo hajui yuko wapi, anaona vitu visivyokuwepo, au haamki vizuri: huyo anapelekwa hospitali sasa hivi. Inaweza kuwa maambukizi kwenye damu, sukari kupanda kwa sababu ya deksa, chumvi ya damu kushuka, kalsiamu kupanda (hapo utaona pia kiu kali, mkojo mwingi na choo kigumu), mofini kuzidi, au saratani kufika kwenye ubongo. Usingoje siku ya kliniki.

Sasa tuje kwenye saa, maana hapa ndipo Waswahili tunapojikwaa kwa namna yetu wenyewe.

Kompyuta ya famasi imechapa "8:00". Mama anasoma saa nane, anameza mchana. Au nesi amesema saa mbili asubuhi, kijana akaweka alamu ya simu 2:00, ikalia saa nane za usiku, ikazimwa kwa hasira na haikuwekwa tena. Suluhisho ni moja: kila saa inayoandikwa iandikwe kwa njia zote mbili, yaani "saa 2 asubuhi, simu 08:00". Simu nayo ibadilishwe isome saa 24, ili asubuhi na usiku visifanane. Hesabu ni ileile ya siku zote, tofauti ya sita.

Neno "kutwa" nalo lina mtego wake. Kibandiko kinasema "kidonge 1 kutwa mara 3", na kwa Kiswahili kutwa ni kuanzia jua kuchomoza hadi kuzama. Mgonjwa mtiifu anameza saa 1 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni, kisha usiku mzima hana dawa mwilini. Kwa dawa ya kuzuia kutapika, hiyo ndiyo sababu anaamka alfajiri akikimbilia ndoo. Aliyeandika alikusudia kila baada ya saa 8. Muulize mfamasia palepale dirishani: "Ni kila baada ya saa ngapi?" Akujibu kwa saa, si kwa mara.

Upande wa mofini ya maji, saa yetu inatusaidia. Mofini hiyo hutolewa kila baada ya saa 4, na kwa hesabu ya Kiswahili namba ni zilezile mchana na usiku: 12, 4, 8. Utaratibu unaotumika sana ni saa 12 asubuhi (06:00), saa 4 asubuhi (10:00), saa 8 mchana (14:00), saa 12 jioni (18:00), na saa 4 usiku (22:00). Ile ya saa 4 usiku mara nyingi daktari huiagiza iwe mara mbili ya kawaida, ili mgonjwa aivuke saa 8 ya usiku akiwa amelala. Kama hakuiagiza hivyo, usiiongeze mwenyewe.

Pima mofini kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, kamwe si kwa kijiko cha chai, kwa sababu vijiko havilingani. Uandike miligramu pamoja na mililita. Mililita 5 za chupa ya mwezi uliopita zinaweza kuwa na mofini mara kumi ya mililita 5 za chupa hii, kwa kuwa maji haya huchanganywa kwa nguvu mbalimbali. Uganda huyatia rangi ili nguvu zisichanganywe. Pasipo na rangi, kibandiko ndicho kinachokulinda, basi kifunge kwa selotepu ya plastiki kisifutike. Dozi ya ziada ya maumivu yaliyochomoza katikati inaandikwa dakika ileile, maana ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Siku mbili tatu za kwanza mgonjwa husinzia, kisha huzoea. Choo kigumu hakizoeleki, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo inakwenda sambamba na mofini tangu siku ya kwanza. Mtu asiyeamshika, anayepumua polepole sana, mboni zimekuwa kama ncha ya pini: hakuna dozi nyingine, ni hospitali.

Kisanduku cha dawa cha wiki, kile chenye vyumba 28, siku 7 mara 4, ni kifaa rahisi na kinafanya kazi kubwa. Kijaze siku moja ileile kila wiki, kwenye mwanga, televisheni imezimwa, mkijaza wawili: mmoja anasoma orodha, mwingine anaweka. Kama hakipatikani, zile bahasha ndogo za dawa zinatosha. Chukua 28, andika kila moja siku na saa, zipange kwenye kopo lenye mfuniko. Bahasha iliyotumika isitupwe hadi wiki iishe, ndiyo ushahidi wako. Trei la mayai ambalo wengi wanalitumia silipendi, kwa kuwa liko wazi, mtoto anafikia, na unyevu wa pwani unalainisha vidonge.

Si kila kitu kinaingia kisandukuni. Vidonge vya kemo vibaki kwenye paketi yake ya asili: vumbi lake si la kugusana na dawa nyingine wala na ngozi ya anayeuguza. Avishike kwa glavu au avidondoshe kwenye kifuniko cha chupa bila kuvigusa, na mjamzito asivishike kabisa. Visipondwe, visikatwe. Ndani ya chumba cha kisanduku weka kipande cha kadibodi kilichoandikwa KEMO. Akishameza, kadibodi inatolewa. Vidonge vinavyoyeyuka ulimini navyo vibaki kwenye karatasi yake, vinginevyo unyevu unavimaliza kabla ya mgonjwa.

Kapesitabini inastahili kuhesabiwa. Tuseme dozi ni miligramu 1500 asubuhi na 1500 jioni, kwa siku 14, halafu siku 7 za kupumzika. Kwa vidonge vya miligramu 500 ni 3 asubuhi na 3 jioni, 6 kwa siku, 84 kwa mzunguko. Siku ya kwanza andika juu ya boksi: tarehe, na 84. Siku ya tano jioni ukijiuliza kama umemeza, usikune kichwa, hesabu. Siku nne zimekula 24, asubuhi ya leo 3, jumla 27. Vikibaki 57 hujameza za jioni. Vikibaki 54 umeshameza. Angalia pia boksi lenyewe, kwa kuwa dawa hii ina vidonge vya 500 na vya 150, na ukipewa vyote viwili, hesabu zinakuwa mbili. Humezwa kwa maji ndani ya dakika 30 baada ya kula. Asiye na hamu ya kula asiruke dozi kwa sababu hakula ugali. Uji nusu kikombe na ndizi vinahesabika kuwa chakula. Siku ya 14 ikiisha, boksi linaondoka mezani. Likibaki pale, siku ya 15 mkono utalifuata kwa mazoea.

Ukisahau dozi, sheria si moja kwa dawa zote. Kapesitabini iliyopita imepita: meza ya saa inayofuata, usiongeze vidonge, usiongeze siku mwishoni ili zimalizike. Ukitapika baada ya kuimeza, usirudie. Tamoksifeni meza unapokumbuka siku hiyohiyo, ila kama saa ya nyingine imekaribia, iache. Mbili kwa pamoja hapana. Imatinibu, kidonge cha baadhi ya saratani za damu, nayo haimezwi maradufu, na humezwa katikati ya chakula na bilauri kubwa ya maji, bila balungi wala juisi yake, kwa sababu tunda hilo hupandisha kiwango cha dawa kwenye damu. Abirateroni ya saratani ya tezi dume ni kinyume chake: tumbo tupu, saa 2 baada ya kula, kisha kusubiri saa 1 kabla ya kula tena, maana chakula kinaweza kuipandisha mara nyingi kupita kiasi. Andika sheria ya kila dawa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari siku unapopewa, kabla hujaihitaji.

Methotreksati ya mara moja kwa wiki, ambayo watoto wenye saratani ya damu wanaitumia kwa muda mrefu, inahitaji siku iliyoandikwa kwa jina kamili. Na hapa tena lugha inatutega. Pwani na visiwani, kwa wazee, "usiku wa Ijumaa" ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya magharibi. Bibi anampa Alhamisi, mama anampa Ijumaa, mtoto amepata dozi za wiki mbili kwa siku mbili. Andika "Ijumaa, tarehe 14, saa 2 usiku" na uzifunge dozi nyingine mahali pengine. Ya wiki hii pekee ndiyo ibaki karibu.

Deksa ina makosa mawili yanayojirudia. La kwanza ni ile inayomezwa kabla ya dripu. Kwa dosetakseli, kemo ya dripu, utaratibu wa kawaida ni miligramu 8 mara mbili kwa siku, siku 3, kuanzia siku moja kabla. Kidonge kinachopatikana kwa urahisi ni cha miligramu 0.5, kwa hiyo dozi moja ni vidonge 16. Mgonjwa akiona 16 anadhani wamekosea, anameza viwili. Uliza idadi ya vidonge, usiulize miligramu tu. Ukisahau kabisa, mwambie nesi kabla dripu haijaanza. Dawa hii imewekwa kuzuia mwili kuipokea dripu kwa ukali. Wao wana njia ya kurekebisha, mradi wajue. Kuogopa kugombezwa ndiko kunakowafanya watu waseme "nimemeza" wakati hawajameza. La pili ni saa: deksa ya jioni inaiba usingizi, na usingizi ukipotea kumbukumbu inafuata. Kama ni mara mbili kwa siku, uliza kama ya pili inaweza kuwa saa 8 mchana. Aliyeitumia kwa wiki nyingi asiikate ghafla. Inashushwa kidogokidogo kwa maelekezo.

Daftari. Naliamini kuliko simu, kwa kuwa halihitaji chaji wala umeme haukatiki ndani yake. Safu tano zinatosha: tarehe, saa, dawa, idadi, alama ya vema. Upande wa pili andika joto la mwili, choo, na maumivu kwa kipimo cha 0 hadi 10. Alama inawekwa baada ya kumeza, maji yakishashuka, si kabla. Ukiweka kabla, simu italia, mgeni atabisha hodi, na daftari litasema uongo siku nzima. Kalamu ifungwe kwa uzi kwenye daftari lenyewe. Kalamu isiyoonekana imeharibu kumbukumbu nyingi. Alamu ya simu vilevile izimwe baada ya kumeza tu, na kama hujamaliza, iahirishe kwa dakika 10.

Nyumba zetu zina watu wengi, na hiyo ni neema yenye hatari yake. Binti anampa mama dawa kabla ya kwenda kazini, dada wa kazi anaona kisahani kimekaa anampa tena, jioni shangazi anafika na dawa yake ya kuongeza nguvu. Awepo mtu mmoja mwenye dawa. Akitoka, anamkabidhi mwingine daftari mkononi na kusema maneno mawili: ya mwisho ilikuwa saa ngapi, inayofuata ni saa ngapi. Mtoto aliye mbali, Dodoma au Muscat, anayepiga simu kila jioni kuuliza "Mama, umekunywa dawa?" atajibiwa "ndiyo mwanangu" hata kama siyo, kwa sababu mama hataki kumtia wasiwasi. Aulize hivi: "Chumba cha Jumatano asubuhi kina nini ndani?" Au aombe picha ya kisanduku kwa WhatsApp.

Dawa moja yenye majina mawili ni mtego mwingine. Hospitali wamempa mgonjwa ondansetroni, dawa ya kuzuia kutapika, ya kampuni moja, famasi ya mtaani ikatoa ya kampuni nyingine, rangi tofauti, boksi tofauti. Nyumbani zinamezwa zote. Kila dawa mpya ikiingia ndani, soma jina dogo lililo chini ya jina kubwa na ulilinganishe na orodha. Vivyo hivyo parasetamo: dawa nyingi za mafua na maumivu za dukani zina parasetamo ndani, na kikomo cha mtu mzima ni gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na aliyedhoofika au mwenye ini bovu ni chini ya hapo. Asprini na diklofenaki zisiguswe bila ruhusa. Chembe za kugandisha damu zikiwa chini, zinaleta kutokwa damu.

Vidonge vyekundu vya kuongeza damu vinaonekana havina neno, na wengi huvinunua bila kuuliza. Vingi vina foliki asidi, ambayo huzidisha ukali wa kapesitabini. Aliye kwenye ARV zenye dolutegraviri naye asimeze madini ya chuma au dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini pamoja nazo: ARV kwanza, hizo nyingine si kabla ya saa 2 kupita, au zitangulie kwa saa 6. Mitishamba iandikwe daftarini kama dawa nyingine, mlonge, mwarobaini, chochote. Daktari atanuna kidogo, lakini bora anune akijua.

Joto la mwili: kipimajoto cha kidijitali kiwe ndani ya nyumba, na joto lipimwe kabla ya kumeza parasetamo, kwa sababu dawa hiyo huficha homa. Likifika nyuzi 38 kwa mtu aliye kwenye kemo, ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Si kuanza mseto wa malaria nyumbani na kusubiri kesho. Kipimo cha malaria kitafanyika hukohuko, pamoja na cha damu.

Siku ya kliniki beba mfuko wenye dawa zote, na maboksi matupu pia. Andika maswali matatu, si kumi; foleni haina nafasi ya kumi. Omba ruhusa ya kurekodi maelezo kwa simu, au mwenzako aandike huku wewe ukisikiliza. Kabla ya kuinuka kwenye kiti, yarudie kwa maneno yako: "Kwa hiyo hii ni vitatu saa 1 asubuhi, vitatu saa 1 jioni, hadi Jumapili ya wiki ijayo." Makosa mengi hunaswa hapo. Anayesafiri kwa basi kutoka mkoani kwenda hospitali ya Ocean Road au Bugando aweke dawa kwenye begi la mkononi, si kwenye buti, ambako joto linapita nyuzi 30 kwa mbali, na abebe za siku tatu za ziada, maana basi huharibika na tarehe husogezwa. Sindano za kupandisha chembe nyeupe hukaa nyuzi 2 hadi 8, kwenye friji ya kawaida mbali na barafu. Zikiganda, muulize mfamasia kabla ya kuzitumia.

Mwezi wa Ramadhani, dawa ya mara mbili kwa siku inaweza kuonekana inaingia vizuri kwenye futari na daku. Kwa baadhi ya dawa inawezekana, kwa kapesitabini na mofini ya saa 4 siyo jambo la kuamua mwenyewe, na maji kidogo mwilini yana madhara yake kwa figo. Zungumza na daktari katikati ya Shaabani, si mwezi ukishaandama.

Vidonge vinavyobaki baada ya dozi kubadilishwa havitunzwi "huenda vikahitajika", havimwagwi chooni, na hapewi jirani mwenye ugonjwa unaofanana. Vifunge kwenye mfuko wake, andika ZIMESIMAMISHWA na tarehe, na uvirudishe famasi ya hospitali kliniki ijayo. Hadi siku hiyo vikae chumba kingine, kwa kuwa dawa iliyosimamishwa ikikaa meza moja na inayoendelea, mtu mwenye ukungu kichwani ataimeza.